Anga Lenye Nyota: Namna Seli Inavyoamuriwa Kuishi au Kufa

Miongoni mwa picha ambazo mwanafunzi wa udaktari wa Afrika Mashariki hafuzu bila kuziona kwenye hadubini, ipo moja ambayo walimu wetu waliiita "anga lenye nyota". Ni kipande chembamba cha uvimbe uliotolewa kwenye taya au tumboni mwa mtoto. Seli za saratani zimesongamana, zote za ukubwa unaokaribiana, zimekolea rangi ya buluu iliyo karibu na weusi. Na katikati ya giza hilo, hapa na pale, yapo madoa meupe ya mviringo, mfano wa nyota katika usiku usio na mwezi. Uvimbe wenyewe ni limfoma ya Burkitt, mojawapo ya saratani za watoto tunazokutana nazo mara nyingi katika nchi zetu zenye malaria.

Mwanafunzi huikariri picha, akafaulu mtihani, akaendelea na safari yake. Nami nilifanya hivyo hivyo. Ilinichukua miaka kadhaa kujiuliza swali nililopaswa kuliuliza siku ile ile: nyota zile ni nini hasa? Kila nyota ni makrofaji, yaani seli ya kinga ambayo kazi yake ni kumeza taka za mwili, na ndani yake mna mabaki ya seli za saratani zilizokufa. Tuseme basi kwamba nyota zile ni makaburi. Uvimbe unaokua kwa kasi kuliko takriban saratani nyingine zote tunazozijua, ambao seli zake zaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, umejaa vifo kila upande.

Ajabu hiyo ndiyo kiini cha makala haya. Tumezoea kuwaeleza wagonjwa wetu kwamba saratani ni seli zinazozaliana bila mpango. Maelezo hayo si ya uongo, ila ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni kwamba seli ya saratani ni seli iliyoamriwa kufa ikakaidi.

Mwaka 1972, katika jarida la saratani la Uingereza, wanapatholojia watatu, John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie, walieleza aina ya kifo cha seli ambayo vitabu vya wakati ule vilikuwa havijaipa nafasi yake. Kerr, Mwaustralia, alikuwa amekwisha kuiona katika maini ya panya baada ya kufunga sehemu ya mshipa unaoyapelekea damu. Baadhi ya seli zilikufa kwa namna iliyozoeleka: zilivimba, zikapasuka, zikamwaga vilivyomo na kuwasha uvimbe mkali pembeni. Kifo hicho huitwa nekrosi, nacho ni kifo cha ajali. Seli nyingine zilisinyaa taratibu, zikajigawa katika vifurushi vidogo vilivyofungwa barabara, kisha majirani zao wakavimeza. Hapakuwa na ghasia. Watafiti hao walipotafuta jina, profesa wa Kigiriki katika Chuo Kikuu cha Aberdeen, James Cormack, aliwapa neno apoptosi, ambalo kwa Kigiriki hutaja kudondoka kwa majani ya mti au petali za ua.

Hapa naomba ruhusa ya kutoka kidogo nje ya mada. Vitabu vyetu hutafsiri istilahi hii kuwa "kifo cha seli kilichopangwa", maneno manne yasiyo na harufu wala rangi. Kiswahili tangu hapo kina kitenzi chake cha majani: majani hupukutika. Mbuyu unapopukutisha majani wakati wa kiangazi haufi. Hupukutisha ili uishi. Katika makala haya nitasema mpukutiko wa seli, na wanaisimu wanisamehe.

Mpukutiko unaendelea mwilini mwako, msomaji, wakati unaposoma sentensi hii. Uboho wa mtu mzima hutengeneza kiasi cha neutrofili bilioni 100 kwa siku, na kwa kuwa damu yetu haigeuki uji, ni dhahiri kwamba idadi kama hiyo huondoka kila siku kwa utulivu. Mkono wa mtoto aliye tumboni mwa mama huanza kama kasia, na vidole hutengana kwa sababu seli zilizo baina yao hufa kwa wakati wake. Kiluwiluwi hupoteza mkia kwa njia hiyo hiyo. Katika thaimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kidari, zaidi ya chembe 9 kati ya kila 10 za kinga zinazofundwa humo hazitoki zikiwa hai: zisizofaa na zile ambazo zingeushambulia mwili wenyewe huamriwa kufa kabla ya kuingia mtaani.

Nani hutoa amri hiyo? Jibu la kwanza lilitoka kwa mnyoo mdogo wa udongoni mwenye urefu wa milimita moja hivi, *Caenorhabditis elegans*. Sydney Brenner na John Sulston, wakiwa Cambridge, waliufanya uwe chombo cha utafiti, na Sulston akafuatilia kila seli tangu yai hadi mnyoo mkomavu. Seli za mwili 1,090 huzaliwa na 131 hufa, daima zile zile na kwa wakati ule ule. Robert Horvitz, nchini Marekani, akazitafuta jeni zinazoamuru vifo hivyo: zipo zinazoua na ipo inayozuia kuua. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. La kustaajabisha ni kwamba jeni hizo tunazo na sisi. Mwaka 1992 ilioneshwa kwamba jeni ya binadamu iitwayo BCL-2, ikiwekwa ndani ya mnyoo huyo, huziokoa baadhi ya seli ambazo zingekufa. Binadamu na mnyoo wameachana kwa mamia ya mamilioni ya miaka, na bado huelewana katika suala la kufa.

Utaratibu wenyewe, nikiueleza kwa kifupi, uko hivi. Kila seli imehifadhi ndani yake visu vilivyofunikwa ala. Visu hivyo ni vimeng'enya viitwavyo kaspasi. Vikichomolewa, hukata kiunzi cha seli na kufungulia vimeng'enya vingine vinavyokatakata vinasaba vyake, na kazi nzima humalizika kwa saa chache. Kwa sehemu kubwa ya mipukutiko, funguo za ala hizo zimo katika mitokondria, vile viwanda vidogo ambavyo kila mwanafunzi wa sekondari hufundishwa kwamba huzalisha nishati. Ukuta wa nje wa mitokondria ukitoboka, protini iitwayo sitokromu c huvuja, na kaspasi huamka. Kwa hiyo uhai wa seli unategemea ukuta huo kutotobolewa. Protini mbili, BAX na BAK, ndizo zinazoweza kuutoboa. BCL-2 na ndugu zake huzishika mikono zisifanye hivyo. Na kundi la tatu, ambamo yumo mmoja aitwaye BIM, huja kama wajumbe wa mauti kuwang'oa walinzi hao. Seli huishi au kufa kwa kadiri ya mizani ya makundi haya matatu.

Wengi hudhani kwamba seli, ikiachwa peke yake, huishi. Sivyo. Seli nyingi za wanyama, zikitengwa na wenzake na kunyimwa ishara za kemikali za kuwajulia hali, hufa zenyewe hata kama chakula kipo tele. Ni kama desturi ya mtaa: kila asubuhi jirani hubisha hodi, na salamu hiyo huongeza nguvu upande wa BCL-2. Seli iliyohamia mahali pasipo pake hukosa salamu, mizani ikageuka, nayo ikapukutika. Kuishi kwa seli ni ruhusa inayoombwa upya kila siku.

Sasa turudi kwenye slaidi yetu.

BCL-2 haikugunduliwa na watu waliokuwa wakitafuta siri ya kifo. Ilipatikana katika miaka ya 1980 kwenye limfoma nyingine, ya watu wazima na ya mwendo wa taratibu, ambamo vipande vya kromosomu ya 14 na ya 18 hubadilishana mahali. Wakati huo kila jeni ya saratani iliyojulikana ilikuwa ni jeni ya kuzidisha uzazi wa seli, na ilitarajiwa kwamba hii nayo itakuwa hivyo. Mwaka 1988, David Vaux na wenzake mjini Melbourne waliripoti jambo tofauti: seli zenye BCL-2 nyingi hazikuzaliana haraka zaidi, zilikataa kufa tu, hata ziliponyimwa ishara zao za uhai. Kwa maoni yangu, hii ni mojawapo ya siku kubwa katika elimu ya saratani, ingawa haitajwi sana madarasani. Katika taarifa hiyo hiyo walionesha kwamba BCL-2 hushirikiana na jeni nyingine, MYC, kuzifanya seli changa za kinga ziishi bila ukomo.

Na MYC ndiyo jeni ya Burkitt. Mwaka 1982 maabara za Marekani zilibaini kwamba katika limfoma hii MYC, ambayo makazi yake ni kromosomu ya 8, imehamishwa na kubandikwa, mara nyingi kwenye kromosomu ya 14, kando ya jeni inayotengeneza kingamwili. Katika chembe B, jeni ya kingamwili haizimwi. MYC iliyowekwa jirani yake nayo haizimiki, na seli hujigawa bila kupumzika.

Lakini mwili si mjinga. Miaka michache baadaye ilithibitika kwamba MYC iliyopandishwa kupita kiasi huita kifo pia. Ni kana kwamba gari limeundwa hivi: ukikanyaga mafuta kupita kipimo, injini hujizima. Protini p53, ambayo huhisi hitilafu za vinasaba, huchochewa. BIM nayo hupanda. Mizani hulalia upande wa mauti. Nyota za kwenye slaidi ni ushahidi wa ulinzi huo ukifanya kazi. Maelfu ya seli zinajiua ili mtoto apone, na zinashindwa, kwa sababu baadhi yao zimepata njia ya kukwepa. Katika sehemu kubwa ya limfoma hizi p53 imeharibika. Katika nyingine, MYC yenyewe imepata badiliko dogo linaloiachia uwezo wa kuzalisha seli lakini linaiondolea uwezo wa kumwita BIM.

Wapo pia washirika wa nje. Daktari wa upasuaji Denis Burkitt, akiwa Mulago, Kampala, mwaka 1957 alioneshwa mtoto mwenye uvimbe pande zote mbili za taya, juu na chini, na mwaka uliofuata akachapisha maelezo ya watoto wenye hali hiyo. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu wakasafiri maili 10,000 hivi kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali baada ya hospitali kama uvimbe huo wameuona. Ramani waliyorudi nayo ilifuata joto na mvua, na kwa ukaribu ilifuata malaria. Mwaka 1964, katika sampuli zilizotumwa London kutoka Uganda, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr waliona kirusi ambacho leo kinaitwa Epstein-Barr. Takriban watoto wetu wote hukipata wakiwa wadogo bila madhara. Malaria ya mara kwa mara huzichochea chembe B zizaliane na kukatakata jeni zao za kingamwili, jambo linaloongeza uwezekano wa MYC kuhamishwa. Nacho kirusi huzisaidia chembe hizo kutosikia amri ya kufa. Kirusi hiki hata kimebeba jeni yake chenyewe inayofanana na BCL-2. Nikiwaeleza wanafunzi jambo hili, huwa nawaambia kwamba malaria huvunja mlango, naye kirusi humfunga mlinzi kitambaa cha macho.

Kabla sijaendelea, neno moja kuhusu tembo wetu. Mnyama mwenye seli nyingi kiasi kile, aishiye miaka 60 na zaidi, angepaswa kuugua saratani mara nyingi kuliko sisi. Haugui. Mwaka 2015 watafiti walieleza kwamba binadamu ana nakala mbili za jeni ya p53, moja kutoka kwa kila mzazi, ilhali tembo ana takriban 40, ingawa nyingi si kamili. Seli ya tembo ikipata jeraha kwenye vinasaba hufa upesi kuliko ya mtu. Haisubiri kujaribu bahati yake.

Haya yote yana maana gani wodini? Yana maana kubwa. Seli ya Burkitt huishi ukingoni mwa shimo. Ndani yake kelele za kuita kifo hazijanyamaza. Zimezuiwa tu na nguzo chache. Ndiyo sababu ugonjwa huu ulikuwa miongoni mwa saratani za mwanzo kabisa kuonekana kupona kwa dawa pekee. Katika miaka ya 1960, mjini Kampala na Nairobi, walikuwapo watoto waliopewa siklofosfamidi au methotreksati, baadhi yao kwa dozi chache mno kwa vipimo vya leo, uvimbe ukatoweka na haukurudi. Dawa hizo hujeruhi vinasaba au huzuia utengenezaji wake, na seli iliyo ukingoni haihitaji msukumo mkubwa.

Lakini msukumo huo una hesabu yake, nami niliijifunza vibaya.

Nilikuwa mwaka wa pili wa masomo ya ubingwa, zamu ya wikiendi, katika hospitali ambayo sina haja ya kuitaja. Aliletwa mtoto wa kiume wa miaka sita, uvimbe umejaa tumbo zima. Nyumbani walidhani ni minyoo, kisha bandama. Wiki tano zilikuwa zimepita. Tulipopata majibu ya biopsi tulifurahi, kwa maana ya kitabibu: ni Burkitt, inatibika. Tukampa dozi ya kwanza jioni ile ile. Asubuhi mama yake aliniita kwa mkono, akanionesha tumbo lililokuwa limelegea. "Daktari, unayeyuka," aliniambia, na kweli ulikuwa unayeyuka. Nakumbuka nilitabasamu. Hakuna aliyekuwa amepima mkojo usiku ule. Mirija ya maji ilikuwa ikidondosha kiasi cha kawaida cha mtoto wa uzito wake. Kufikia usiku wa pili hakuwa anakojoa kabisa, na alfajiri moyo wake ulisimama.

Seli zinapopukutika kwa idadi ya kawaida, makrofaji huzizika kabla hazijamwaga chochote. Zinapokufa mabilioni kwa usiku mmoja, wazikaji huzidiwa. Vifurushi hupasuka, potasiamu na fosfati zilizokuwa ndani ya seli humiminika kwenye damu, na vinasaba vilivyokatwakatwa hugeuka asidi ya yuriki, ambayo huganda kama mchanga katika mirija ya figo. Figo zikiziba, potasiamu haina pa kutokea, na potasiamu iliyozidi husimamisha moyo. Mtoto yule hakuuawa na uvimbe. Aliuawa na mazishi ya uvimbe, na sisi tuliyaitisha bila kuandaa makaburi.

Kinga yake si ya teknolojia ya juu. Ni maji mengi ya mshipani yaliyoanzishwa kabla ya dozi, kwa kiwango cha mara mbili hivi ya mahitaji ya kawaida. Alopurinoli, kidonge cha bei nafuu kinachozuia asidi ya yuriki kutengenezwa. Dozi ndogo ya utangulizi pale uvimbe ulipo mkubwa. Vipimo vya potasiamu na figo mara kadhaa kwa siku. Na chupa ya kupimia mkojo yenye mtu anayeisoma kila baada ya saa chache, usiku kucha. Ipo pia dawa inayoiyeyusha asidi ya yuriki kwa muda wa saa, ila bei yake bado iko mbali na hospitali zetu nyingi. Katika nchi tajiri karibu watoto 9 kati ya 10 wenye Burkitt hupona. Kwetu idadi ni ndogo zaidi, na sehemu ya pengo hilo haitokani na ukosefu wa dawa mpya. Inatokana na wiki zile tano, na chupa ile isiyosomwa.

Naulizwa mara kwa mara na madaktari vijana kuhusu dawa mpya zinazolenga mpukutiko wenyewe. Zipo. Venetoklaksi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016 kwa aina mojawapo ya leukemia ya watu wazima, huingia moja kwa moja katika mfuko wa BCL-2 na kumwondoa mlinzi kwenye ukuta wa mitokondria. Ni tunda la moja kwa moja la mnyoo wa Cambridge na taarifa ya Melbourne, na hata nayo madaktari hulazimika kuipandisha dozi hatua kwa hatua kwa wiki kadhaa, kwa hofu ile ile ya mazishi mengi kwa mpigo. Hata hivyo, seli za Burkitt kwa kawaida hazina BCL-2 ya kutosha hata kuonekana kwenye slaidi. Huegemea ndugu wengine wa ukoo huo. Anayesoma kwamba dawa fulani "huilazimisha saratani kujiua" aulize kwanza: saratani ipi, na mlinzi wake ni nani?

Kwa mzazi na kwa mhudumu wa zahanati nina maombi mahususi. Mtoto ambaye jino lake limelegea kabla ya wakati huku taya likivimba, jicho linalotokeza nje kwa siku chache, tumbo linalokua wiki hata wiki, asing'olewe jino na kurudishwa nyumbani, wala asipewe dawa ya minyoo mara ya pili. Uvimbe unaoongezeka maradufu kwa siku mbili hausubiri miadi ya mwezi ujao. Apelekwe hospitali ya rufaa wiki hiyo hiyo.

Jumanne iliyopita mwanapatholojia wetu aliniita nikaangalie slaidi ya msichana wa miaka minane aliyepokelewa usiku. Anga lilikuwa jeusi, nyota zimetapakaa. Nilipiga simu wodini kabla sijainuka kwenye kiti cha hadubini. Muuguzi wa zamu alinijibu kwamba maji yameanza tangu saa kumi alfajiri, alopurinoli imeshatolewa, na mkojo wa saa mbili za mwisho ni mililita 190.